Mke Wake Yuko Ndani

Wifi yangu alikuwa na wivu kabla ya mabomu. Nalitanguliza hili kwa sababu watu wa mji wetu siku hizi wamezoea kuyasingizia mabomu kila kitu. Mtu akichelewa kazini, mabomu. Mtu akimkimbia mkewe, mabomu. Wifi alikuja kwetu na wivu wake tayari, kaufunga pamoja na mashuka, na sisi ndugu wa mume tukaupokea tukautafutia mahali pa kukaa.

Ni msusi. Wateja wanamwita Vidole, na kaka yangu naye anamwita hivyo hivyo, ingawa kinywani mwake jina hilo hutoka polepole zaidi. Alilelewa na shangazi yake katika nyumba yenye watoto wengi, ambamo hakuna kilichokuwa cha mtu mmoja. Kitanda cha wote, shuka la wote, viatu vya anayewahi kuamka. Alijifunza kusuka kwenye vichwa vya binamu zake, na aliwahi kuniambia sababu: anayesuka hukaa kwenye kiti na anayesukwa hukaa chini, na kwa muda wote wa kusuka kile kiti kilikuwa chake. Mtu aliyekulia hivyo, siku akipata cha kwake peke yake, usimsogelee.

Cha kwake kilikuwa kaka yangu. Kaka ni fundi lifti. Saluni ya wifi iko ghorofa ya juu ya jengo la maduka, na lifti ya jengo ilipoharibika, wateja wenye magoti mabovu waligoma kupanda ngazi. Kaka akaja na mkoba wake wa vifaa, akatengeneza, wifi akampelekea maji ya kunywa. Baada ya siku chache lifti ikaharibika tena. Halafu tena. Mwenye jengo mpaka leo anaamini kuna mtu alikuwa anachomeka chanuo kwenye mlango wa lifti. Mimi nilikuwa sijaanza kazi pale, kwa hiyo siwezi kutoa ushahidi.

Walipooana nikahamia kwao chumba cha nyuma, na saluni nikapewa kazi ya kuosha vichwa. Hivyo ule wivu nimeuona kwa karibu. Alimwonea wivu mtangazaji wa redio wa jioni, kwa kuwa kaka alikuwa anacheka vichekesho vyake. Alizionea wivu hata lifti. Siku moja alimkuta kaka ameegemeza sikio kwenye mlango wa chuma, amefumba macho, anasikiliza mota, akamuuliza ni lini mara ya mwisho alimsikiliza yeye namna hiyo. Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Kila asubuhi akimtoa mlangoni alimwambia, "Ukifika unibipu." Kaka akifika kazini, ng'ambo ya pili ya mji, anapiga simu, inalia mara moja, anakata. Wifi hapokei. Anatazama kioo cha simu, anairudisha kwenye mfuko wa aproni, na kichwa kilichoko mbele yake kinaanza kusukwa kwa amani. Wateja wa asubuhi walishalijua hilo. Kabla ya bipu walikuwa wanakaa wameuma meno.

Asubuhi ile bipu haikuja. Redio ilikuwa inapiga muziki, muziki ukakatwa, mtu akasema treni mbili za mjini zimelipuliwa zikiwa zimejaa watu wa kwenda kazini. Akaitaja reli ya kaka, ile anayopanda kwenda kazini. Wifi alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa cha mteja, upande wa pili ulikuwa umesimama wima kama ulivyotoka nyumbani. Akaanza kupiga simu. Iliita, haikupokelewa. Akapiga tena, akapiga tena, huku tunashuka ngazi, maana hakutaka kuisubiri hata lifti ya mumewe. Yule mteja akatufuata mpaka barabarani na nusu kichwa chake, akatusimamishia gari.

Hospitali ilikuwa imefurika watu. Jina la kaka tulilipata haraka kuliko tulivyotegemea, nikashukuru Mungu kimoyomoyo, tukapelekwa mpaka mlango wa wodi. Mlangoni alisimama muuguzi ambaye macho yake yalikuwa yamechoka kupita kiasi.

"Mgonjwa mmoja, ndugu mmoja," akasema. "Huyu mke wake yuko ndani."

Wifi akamwangalia. "Basi mimi ni nani?"

Muuguzi akafikiri kidogo, kwa nia njema kabisa. "Labda wewe ni dada yake."

Na dada yake nilikuwa nimesimama palepale, viatu mkononi. Sijui wifi aliingiaje. Ninachokumbuka ni kwamba alipita chini ya kwapa la yule muuguzi, nami nikafuata.

Kaka alikuwa amelala chali, kifua kimefungwa bandeji, vumbi bado liko kwenye nyusi. Pembeni yake amekaa mwanamke mwembamba, kichwa kimezungushiwa bandeji, blauzi ina madoa mekundu na madoa ya bluu na kijani. Baadaye tulijua kwamba anafanya kazi kwenye duka la rangi za nyumba, ndiye anayezichanganya, na tangu siku hiyo wifi akamwita Rangi. Kaka alikuwa amemshika mkono. Wifi alimwita mumewe, akamwita tena kwa sauti, kaka hakugeuka. Mlipuko ulikuwa umeziba masikio yake, lakini hilo hatukulijua wakati ule. Tulichokiona ni mwanamume anaitwa na mkewe, naye kashika mkono wa mwingine anatazama dari.

Rangi alituona. Akainuka upesi kumpisha wifi kwenye kiti, lakini kaka hakumwachia, ikabidi abaki ameinama nusu. Akaanza kuvifungua vidole vya kaka kimoja kimoja. Alipomaliza akauchukua ule mkono akauweka kwenye mkono wa wifi, akaondoka. Wifi hajawahi kuisahau ile dakika. Anasema alirudishiwa mkono wa mume wake kama chenji ya dukani.

Kaka alipona mbavu. Sikio la kulia lilirudi, la kushoto likabaki na mluzi. Na mji nao ukatafuta namna yake ya kuendelea. Stesheni zikawekwa meza za kukagulia mikoba, na wanawake tukajifunza kutoka bila vitu vya aibu kwenye mkoba. Mtu akiweka mfuko chini afunge kamba za viatu, watu wanahama. Kuna siku mzee mmoja alisahau gunia la vitunguu jukwaani, stesheni nzima ikakimbia na askari wakaleta mbwa. Mbwa wakapiga chafya. Tulicheka sana siku ile, lakini kesho yake wengi wetu tulikwenda kazini kwa miguu.

Kaka yeye hakuweza kabisa. Mtu anayening'inia ndani ya shimo la lifti akiwa ameshikiliwa na mkanda mmoja alishindwa kuvuka mlango wa treni. Asubuhi wifi anamvalisha koti, wanashikana mikono, wanakwenda wote stesheni. Nilifuatana nao mara kadhaa. Treni inaingia, milango inafunguka, watu wanashuka na kupanda, na kaka anasimama ukingoni, jasho linamtiririka shingoni kwenye baridi ile ya asubuhi. Wifi anamwambia yuko naye. Anamwambia amtazame yeye tu. Kaka anamtazama, na ndipo jasho linapozidi. Milango inafungwa. Inakuja nyingine. Mwisho wanarudi nyumbani, wifi anakuja saluni amekunja uso, na anayekaa kwenye kiti chake siku hiyo anakoma.

Ofisini kwao walimvumilia, halafu wakaanza kumwuliza, halafu wakamwambia wazi kwamba asiporipoti kazini watachukua fundi mwingine. Kaka hana kazi nyingine anayoijua. Hata nyumbani ulimwona anapungua. Alikuwa anakaa mezani anafungua saa ya ukutani, anaifunga, anaifungua tena.

Kisha asubuhi moja simu ya wifi ikalia mara moja kwenye aproni, ikakatika.

Aliitazama. Akaniita nije nisome, kana kwamba hajui kusoma. Bipu ya kaka, kwa saa zile zile za zamani. Siku hiyo kila aliyepanda juu kwetu alipewa chai, na kila aliyepewa chai alisimuliwa: mume wake kapanda treni, peke yake, bila kushikwa mkono na mtu. Aliimba. Wifi hajui kuimba, lakini hakuna aliyemwambia. Bipu ikaja kesho yake, na siku zilizofuata. Wifi akawa anatembea na kifua mbele.

Aliyetoboa siri alikuwa mteja, mama mnene mwenye roho nzuri ambaye mdomo wake hauna breki. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha miguu, akasema kwamba amemwona shemeji kwenye treni na amefurahi sana kumwona amepona. Wifi akatabasamu. Mama akaendelea: wamekaa wameshikana mikono na huyo dada yake, mpaka wanashuka, hata yeye machozi yalimtoka. Wifi akanitazama kwenye kioo. Mimi ndiye dada wa kaka, sina mwingine, na kila asubuhi niko pale kwenye beseni, mikono ndani ya povu.

"Dada yake yupi?" wifi akauliza taratibu.

"Yule mwembamba," mama akasema. "Mwenye rangi rangi kwenye kucha."

Jioni hiyo nilikuwa naosha vyombo, kwa hiyo nilisikia, na kama vyombo vingekuwa vimekwisha ningeviosha upya. Kaka hakukataa. Alisema Rangi anafanya kazi upande ule ule. Walikutana stesheni siku moja, yeye amesimama ukingoni, Rangi akampa mkono, akajikuta ndani. Tangu hapo wanakutana kila asubuhi, wanakaa, wanashikana mikono mpaka wanashuka, kila mtu anakwenda zake. Hawaongei sana. Hakuna lingine.

"Na mimi?" wifi akauliza. "Mimi mkono wangu una nini?"

"Na wewe siwezi."

"Kwa nini?"

Kaka akaivuta ile saa ya ukutani. Akaulizwa tena, akainama akaanza kuifungua. Ningempiga na sufuria. Mtu anaulizwa na mkewe swali kubwa namna ile, anakimbilia bisibisi.

Angekuwa amesema ana mwanamke wa nje, wifi angejua la kufanya. Angelia, angevunja sahani, angewaita wajomba. Lakini alichoambiwa ni kwamba kuna kitu ambacho mumewe anakiweza kwa mkono wa mtu baki na hakiwezi kwa mkono wake, na kitu chenyewe si cha aibu, ni cha kwenda kazini. Mto wake aliuhamishia chumbani kwangu, nikalala naye, anageuka huku na huku usiku kucha na kunivutia shuka. Asubuhi hakumtoa kaka mlangoni. Hakusema ukifika unibipu. Kaka akabipu hivyo hivyo. Wifi akasikia, akaigeuza simu uso chini juu ya meza ya vitana, akasuka mistari iliyopinda kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Aliniambia mambo ambayo mtu hawezi kumwambia mwingine ila wifi yake. Kwamba anatamani angekuwa yeye ndani ya lile behewa. Kwamba analionea wivu hata lile giza, na ule moshi, kwa kuwa Rangi alikuwa ndani yake na mumewe, na yeye alikuwa saluni anapaka mtu mafuta. Nilimwambia amerukwa na akili. Akasema anajua.

Kisha siku moja akamwambia kaka, kwa sauti ya kawaida kabisa, amwambie yule mwenzake wa treni aje saluni asukwe. Kaka akafurahi, akadhani yameisha. Wanaume. Mimi nilijua kuna mtu atatoka pale na upara.

Akaja. Ilikuwa mchana, wateja wamepungua. Alisimama mlangoni amefunga kitambaa kichwani, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili, akaamkia. Wifi akaitikia, akamwonyesha beseni kwa kidevu.

Nilimwosha mimi. Alipofungua kitambaa nilielewa. Nyuma ya sikio mpaka karibu na kisogo kulikuwa na kovu pana, limevimba, halina unywele hata mmoja, na pembeni yake nywele zilikuwa zimejifunga mafundo ambayo chanuo halijayagusa kwa muda mrefu. Nikamwuliza nani anamsuka. Akasema tangu siku ile hajampa mtu kichwa chake. Nikamwuliza kwetu imekuwaje basi. Akasema, "Nimeitwa."

Akakaa kwenye kiti. Wifi akasimama nyuma yake, akaanza mbele, mbali na kovu. Msusi akikukasirikia huhitaji kuambiwa, nyusi zako zitakujulisha. Ile mistari ya mbele aliibana mpaka macho ya Rangi yakapanda. Rangi hakulalamika. Alikuwa amekaa mikono mapajani, kucha zina kijani kibichi cha mlango wa mtu, anamtazama wifi kwenye kioo.

"Kwa nini ulisema wewe ni mke wake?" wifi akauliza.

Rangi hakujifanya hajaelewa. Alisimulia polepole, na mara nyingine alisimama kama anayetafuta kitu sakafuni. Alisema walikuwa wamekaa kiti kimoja, hawajuani. Kulipotulia na giza likaingia, alipapasa akapata mkono, akaushika, na mkono nao ukamshika, ikawa hivyo mpaka walipotolewa nje. Waliwekwa chini kwenye kokoto. Watu wa uokoaji walikuwa wanapita wanawagawa, wa familia moja gari moja, wengine popote penye nafasi. Yeye alikuwa hasikii kitu. Aliona midomo ya mtu inacheza na kidole kinamwonyesha yeye, kinamwonyesha kaka. Akaelewa anaulizwa nini. Akasema mume wangu, na sauti yake mwenyewe hakuisikia.

"Simu yake ilikuwa imelala kifuani," akasema. "Kioo kimepasuka. Sisikii mlio, ila naona inawaka, inazima, inawaka, imeandika Vidole. Mimi ya kwangu niliitazama. Ilikuwa nzima kabisa, haiwaki. Naishi peke yangu, dada. Kazini wangedhani nimechelewa tu. Nikajisemea, huyu mtu anatafutwa. Nikimganda huyu, na mimi nitapatikana."

Nilizima kikausha nywele, ingawa hakukuwa na kichwa chini yake. Mikono ya wifi haikusimama, wala mistari haikulegea. Nilimjua. Lile alilisamehe, ila halikuwa ndilo lililomnyima usingizi.

"Sawa," akasema. "Na treni? Kwa nini anaweza na wewe, na mimi hawezi?"

"Mwulize mwenyewe."

"Nimemwuliza. Sasa nakuuliza wewe, na kichwa chako ninacho mkononi."

Rangi akatabasamu kidogo, tabasamu likaisha lenyewe. Akasema kaka alishamweleza. Akisimama mlangoni na mkewe, anachokiona ni mkewe ndani ya lile behewa, chini ya vile vyuma, na miguu inakataa. Hajiogopei yeye mwenyewe hata kidogo. Anaogopa kumwingiza mkewe mle.

"Akakwambia wewe," wifi akasema. "Mimi akaninyima."

"Angekwambia, ungesema usijali, twende tu. Si ungesema hivyo?"

Na kweli wifi angesema hivyo hivyo, neno kwa neno.

"Dada," Rangi akasema, na sasa alikuwa hatazami kioo, anatazama kucha zake. "Unanionea wivu kwa kuwa anapanda na mimi bila hofu. Hebu lifikirie hilo kwa upande wangu. Anapanda na mimi bila hofu. Likilipuka tena na mimi niko pembeni yake, hakuna atakachokuwa amepoteza. Kwa ajili yangu mimi hakuna aliyewahi kukataa kupanda kitu."

Hakulia. Alilisema kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake.

Mikono ya wifi ikasimama. Chanuo likabaki hewani. Kisha akaanza kuifungua ile mistari ya mbele aliyoibana, yote, mmoja baada ya mwingine, akazichana nywele upya kwa mafuta, akaanza upya kwa mkono mwepesi. Kwenye kovu hakutia uzi. Alileta nywele za jirani juu yake, akazilaza, akazifunga upande wa pili, mpaka pakafunikika pasipovutwa hata kidogo. Ilichukua mchana wote. Rangi alisinzia, kichwa kikawa kinaangukia tumboni kwa wifi, na wifi anakisukuma mbele taratibu na kuendelea.

Jioni ile mto ulirudi ulikotoka. Sikusikia walichoongea, maana walifunga mlango, na vyombo nilikuwa nimeshaosha.

Asubuhi tulikwenda stesheni wote. Usidhani wivu ulikuwa umekwisha. Rangi alikuwa anatusubiri jukwaani, mistari inang'aa, amevua kitambaa, na wifi alipoona jinsi alivyopendeza nilimsikia anameza mate kwa majuto. Kaka akampa Rangi mkono kama kawaida yao. Wifi akauchukua ule mkono wa Rangi, akauhamisha mpaka kwenye kiwiko cha kaka, juu ya koti.

"Mshike hapa," akasema. "Panatosha."

Kaka akataka kucheka, akaona uso wa mkewe, akaacha. Treni ilikuwa inasikika kwa mbali. Wifi akamfunga kaka kifungo cha juu cha koti, ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

"Ukifika unibipu," akamwambia. Maneno hayo yalikuwa yamekaa muda mrefu hayajasemwa, na kaka aliitikia kwa kichwa tu. Rangi alikuwa ametazama pembeni, kama watu wanavyofanya wenzao wakiagana.

"Na wewe," wifi akasema.

Rangi akageuka nyuma kuangalia anaambiwa nani.

"Wewe, wewe. Ukifika dukani unibipu."

Hakuwa na namba. Wifi akamtajia huku treni inaingia, Rangi anaandika kwa vidole vyake vya kijani, anakosea, anafuta, anaandika tena. Wakapanda. Nilimwona kaka kupitia dirisha ameketi, na yule mwingine ameshika kiwiko chake kwa adabu kubwa.

Tangu hapo simu ya wifi ikawa inalia mara mbili asubuhi. Mara nyingi ya Rangi hutangulia, maana duka la rangi liko karibu na stesheni, na hilo nalo wifi hakulipenda. Anaitazama simu, anaguna, ananiuliza huyu anajifanya mwepesi wa nini, na kaka yako yuko wapi. Ya kaka ikija ndipo mteja anapumua.

Halafu asubuhi moja ya kaka ikaja, ya Rangi haikuja.

Wifi aliendelea kusuka. Akamaliza mstari, akatazama simu. Akamaliza mwingine, akatazama tena. Akampigia kaka, kaka akasema walishuka wote salama na Rangi akaelekea dukani kwake. Akampigia Rangi. Iliita, haikupokelewa. Akapiga tena. Mteja akageuza shingo, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama, akamkuta msusi hayupo. Nilimkuta wifi chini kabisa, mlangoni mwa jengo, aproni bado kiunoni, anatazama huku na huku barabarani kwa namna niliyoiona mara moja tu maishani mwangu, simu mkononi inaita.

Ikapokelewa. Mikono ya wifi ilikuwa na mafuta, alikuwa ameiweka spika, kwa hiyo nilisikia kelele za mashine ya kuchanganyia rangi, na Rangi anasema samahani dada, kulikuwa na mteja wa rangi ya dari, alisahau.

Wifi akafoka. Barabara nzima ilisimama kusikiliza. Alimwuliza ana akili gani. Alimwuliza simu anayo ya kazi gani, kama ni ya kupigia picha aseme. Yeye yuko huku roho juu, kamwacha mtu juu na nusu kichwa, kashuka ngazi zote hizi, kumbe mwenzake yuko hai anachanganya dari za watu. Akafoka mpaka pumzi ikamwishia, na upande wa pili hakukusikika kitu, hata mashine ilikuwa imezimwa.

"Mbona umenyamaza?" wifi akauliza. "Umekata?"

"Sijakata, dada," Rangi akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Nakusikiliza. Endelea kunigombeza."

Wifi akaifuta ile simu kwa aproni, akaikamata vizuri. Ndani ya lifti huwa simu inakata, kwa hiyo tulipanda kwa ngazi, mpaka juu, naye anagomba njia nzima.